Besi Iliyokatwa Pembe

Watu walimwita Dada Besi, hata wale waliokuwa na umri wa kumzaa. Siku za kazi alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, chumba kirefu chenye mvuke na mashine tatu. Mbili zilifanya kazi, na ya tatu ilikuwa ikingoja fundi tangu enzi za mganga mkuu aliyepita. Jumamosi na Jumapili alipiga gitaa la besi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimsalimu anaitikia, ukimtania anacheka kwa pua, ukimuuliza habari za nyumbani anakwambia "tupo tu", basi, umemaliza. Lakini mpe besi, msimamishe karibu na ngoma, uone mambo.

Kiongozi wa bendi yao alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kufundisha hesabu, na jina la Mwalimu halikumtoka hata alipoacha chaki na kushika tarumbeta. Mwalimu alizoea kuwaambia wenzake, "Mimi nikimsikia huyu mama nyuma yangu, najua leo sianguki." Na hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Mpiga ngoma alifanya naye kazi miaka sita kabla ya kuambiwa "si mbaya".

Siku moja bendi ilikuwa ikisafiri juu ya lori, watu na vyombo pamoja. Dereva akapiga breki za ghafla. Dada Besi alikuwa amekaa juu ya spika. Akaruka nayo, akatua kwa bega la kushoto. Mfupa wa mtulinga ukavunjika. Uliunga, lakini uliunga upande, ukaacha kinundu chini ya ngozi mahali pale pale mkanda wa gitaa unapokaa. Alipopona na kujaribu kuvaa besi yake, hakufikisha dakika tano. Moto ulianza begani, ukashuka mkono mzima mpaka kwenye kidole cha mwisho. Akaivua taratibu, akaifunga kwenye shuka na kuisukuma uvunguni. Wala hakulia. Aliosha vyombo vya jioni kama kawaida, ila sahani moja aliiosha mara tatu.

Mumewe alikuwa seremala. Alitengeneza milango, vitanda na madawati ya shule, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, hatua saba kutoka mlango wa jikoni. Muziki hakuujua. Mwenyewe alisema masikio yake yameharibiwa na msumeno. Lakini alikuwa na macho, na kwa miezi minne aliona vidole vya mkewe vikitembea pembeni mwa meza, kwenye mgongo wa kiti, juu ya goti, vikipiga nyimbo ambazo hazikutoa sauti. Jumapili moja akamwita karakanani.

"Simama hapa, mke wangu. Nyooka."

"Kuna nini?"

"Nakupima."

"Unanipima jeneza?"

"Ningekuwa nakupima jeneza ningekwambia ulale. Simama bwana."

Alimpima kwa kamba na chaki, kutoka kwapani hadi kwenye nyonga, kutoka kifuani hadi kwenye kifundo cha mkono. Alichora kwenye katoni la jokofu, akakata, akamwekea tumboni, akachukua tena na kupunguza. Kwa Jumapili nane alikuwa akimsimamisha hivyo huku binti yao, fundi cherehani, akipita na kucheka mlangoni: "Mama, mwambie Baba akushonee na mikono!" Kisha akachukua mbao za kabati kuukuu, ngumu, zilizokwisha kukauka miaka mingi, akaanza kuchonga.

Kitu kilichotoka humo hakikufanana na gitaa lolote. Upande wa juu kilikuwa na pembe ndefu iliyopinda, iliyopanda mpaka karibu na katikati ya shingo, na hiyo ndiyo iliyokishikilia kisielemee upande. Tumboni kilikuwa na bonde lililochimbwa, likakaa juu ya nyonga ya mwenyewe kama mtoto anavyokaa ubavuni kwa mama yake. Mkanda ulizunguka kiuno, haukugusa bega. Kichwa hakikuwa nacho kabisa. Funguo za kukazia nyuzi alizihamishia chini, ili shingo isiwe na uzito. Sumaku za kunasa sauti, nyuzi na funguo vilitoka kwenye ile besi ya uvunguni. Vingine vyote vilikuwa kazi ya mkono wake.

Dada Besi alipokivaa mara ya kwanza alijipapasa bega mara kadhaa, mpaka mume akaingiwa na wasiwasi.

"Kinauma?"

"Sikisikii," alisema. "Ni kama sijabeba kitu."

Bendi walipokiona walicheka hadi mpiga ngoma akakaa chini. Alisema kinafanana na kiti kilichobaki na miguu miwili. Jina likaganda hapo hapo: Kiti. "Dada Besi, leo umekuja na kiti chako mwenyewe, eh? Unavidharau viti vyetu?" Alicheka kwa pua. Kisha akachomeka waya, akapiga noti ya kwanza, na mpiga ngoma akaacha kucheka. Sauti ilikuwa nene na ya karibu, kama mtu anayesemea kifuani mwako. Mwalimu alimwambia arudie. Akarudia. Mwalimu akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Tuanze."

Basi ikaanza miaka ya Kiti, na katika miaka hiyo kila walikokwenda swali lilikuwa moja: hicho kinafaa hapa? Kanisani mzee mmoja alisema pembe ile haimpendezi, na madhabahu ni mahali pa heshima. Wakasikilizana kwamba Dada Besi apige akiwa amevaa joho la kwaya juu yake. Alipiga hivyo Jumapili tatu, joho limetuna mbele, mpaka akina mama wakaanza kunong'ona kwamba kwa umri wake huo, hongera. Jumapili ya nne mzee mwenyewe akaja kumwambia alivue. Harusini shangazi wa bibi harusi alimwomba asogee nyuma ya pazia picha zikipigwa. Shuleni watoto walipanga foleni kukigusa. Kwenye mahafali ya chuo cha uuguzi mgeni rasmi alikatisha hotuba kuuliza kile ni kifaa cha matibabu gani.

Mwenyewe alijua ukweli ulivyo, na hakumficha mtu. Kwenye nyimbo za kuchezwa hakukuwa na shida. Kwenye zile za polepole, za maombolezo, sauti ya Kiti ilikuwa nzito mno ukikiachia, ikafunika waimbaji. Alijifunza kukunja kitambaa na kukibana chini ya nyuzi, na kupiga kwa nyama ya kidole gumba, taratibu, hata sauti ikalala. "Mahali popote panaweza kuzoeleka," alimwambia Mwalimu siku moja. "Ni mkono tu ubadilike. Ila watu wanasikiliza kwa macho, na macho sina la kuyafanya."

Miaka tisa ilipita hivyo. Mwaka wa kumi Mwalimu alipata kazi waliyokuwa wakiiota: hoteli kubwa, kila Jumamosi na Jumapili mchana, muziki wa utulivu wakati wageni wanakula. Kivuli, chakula, maji ya kunywa, na msimu mzima wa uhakika. Walikwenda kujaribiwa kwenye ukumbi uliotandikwa vitambaa vyeupe. Meneja alikuwa mtu mpole, na upole huo ulifanya mambo yawe magumu zaidi, kwa sababu hukuweza kumkasirikia. Alisikiliza nyimbo tatu akitikisa kichwa kwa furaha. Kisha akamvuta Mwalimu pembeni, lakini ukumbi ulikuwa mtupu na kila neno likasikika.

"Mama yule anapiga vizuri sana. Tena sana. Lakini kile anachopigia, Mwalimu... Wageni wanakuja kula. Sitaki waweke uma chini kushangaa. Hana gitaa la kawaida?"

Mwalimu alimtetea alivyoweza. Alisema sauti ni ile ile, hata bora zaidi. Meneja alisema hana ugomvi na sauti.

Njiani Mwalimu alimwomba, na aliomba akiangalia chini. "Ni pale hotelini tu, dada yangu. Kwingine kote uje na Kiti chako. Tafuta njia. Nikikukosa wewe sina bendi."

Dada Besi alifika nyumbani moyo umemjaa. Mumewe alikuwa akila, akamuuliza habari za hoteli, naye akasimulia yote akiwa amesimama, hata viatu hajavua. Na mwisho, kwa hasira ambazo hazikuwa za mume bali za meneja, na za lori, na za mtulinga, maneno yakamtoka:

"Na wewe nawe, ungekichonga kama vingine kidogo tu, leo wangepata la kusema?"

Mume aliinamia sahani yake. Alimaliza kula, akanawa mikono, akatoka kwenda karakanani. Dada Besi alitaka kumfuata amwambie si hivyo alivyomaanisha. Lakini alikuwa amechoka, na kesho yake alfajiri alikuwa na safari ya kwenda kumuuguza mdogo wake aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji. Akasema moyoni, nikirudi. Akalala.

Alikaa kwa mdogo wake siku tano. Aliporudi alimkuta mume amesimama mlangoni amenyoa ndevu, amevaa shati safi, anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni. Alimshika mkono hadi karakanani. Juu ya meza ya kazi kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa shuka. Akalifunua.

Lilikuwa gitaa la besi. Jeusi, linang'aa, umbo la mviringo wenye kiuno kama magitaa yote ya kwenye picha. Ilimchukua muda kuelewa anachokiona. Pembe ilikuwa imekatwa. Bonde la tumboni lilikuwa limezibwa kwa kipande cha mbao, likapigwa msasa hata hukuona kiungo. Alikuwa ametoa ile shingo fupi na kurudisha shingo ya besi ya zamani, ile ya uvunguni, yenye kichwa kirefu na funguo zake. Na juu ya yote, tabaka nne za rangi.

"Sasa kinaingia popote," mume alisema. "Hoteli, kanisani, ikulu wakikuita. Hakuna wa kukutia neno tena."

Dada Besi akaona jinsi macho ya mumewe yalivyovimba kwa kukosa usingizi, na vidole vilivyoingia rangi nyeusi kwenye kucha. Siku tano alikuwa ameacha kazi za watu.

"Na ile pembe?" aliuliza mkewe.

"Nilichemshia gundi. Mbao kavu ile, iliwaka vizuri kweli." Akacheka. "Hebu vaa."

Akavaa. Mkanda ukakaa begani, juu ya kinundu. Kichwa cha gitaa kikaelemea chini upande wa kushoto, na ilimbidi akiinue kwa mkono ule ule unaobana nyuzi. Moto ukaanza mahali pake pa zamani. Mume alikuwa akimtazama usoni, hapepesi.

"Vipi?"

Wakati mwingine mtu hupewa nafasi moja tu ya kusema kweli, na nafasi yenyewe haizidi pumzi mbili. Dada Besi aliiona ile nafasi. Aliona pia kucha zile nyeusi.

"Kizuri," alisema. "Umefanya kizuri sana, mume wangu."

Jumamosi hiyo alipiga hotelini. Meneja alipita akamwinulia kidole gumba: "Sasa hilo ndilo gitaa, mama!" Wageni walikula. Hakuna aliyeweka uma chini, hakuna aliyegeuza shingo, na kusema kweli hakuna aliyesikiliza. Dada Besi alipiga nyimbo kumi na nne akihesabu kila moja. Ya kwanza na ya pili zilipita. Kuanzia ya sita alikuwa akipiga meno yakiwa yamebanana. Baada ya ya mwisho alikwenda chooni, akafungua bomba ili maji yapige kelele, akaegemea ukuta wa vigae kwa dakika kadhaa.

Hivyo ndivyo msimu ulivyokwenda. Alishona kipande cha sponji ndani ya mkanda, akajaribu kuegemeza gitaa kwenye goti, akajifunga kitambaa kifuani kusaidia kubeba. Katika chumba cha kufulia wenzake walimpaka dawa ya kuchua kila Jumatatu, mpaka mashuka yakaanza kunukia na wagonjwa wakauliza. Binti yake aligundua mapema, alipokuwa akimpima gauni na mama akashindwa kuinua mkono.

"Mama, mwambie Baba."

"Nimwambie nini? Kwamba amekiua kile alichokitengeneza?"

"Akirudishe kilivyokuwa."

"Akirudishe kwa mbao ipi? Ilishaungua. Na akijua, unadhani atashika tena randa? Namjua baba yako. Nyamaza."

Mwezi wa nne wa msimu huo, kidole cha pete na kile kidogo vya mkono wa kushoto vilianza kufa ganzi. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu. Baadaye ilikuwa siku nzima. Alikuwa akiangalia vidole vyake ili ajue vimekaa kwenye uzi gani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipokuwa msichana.

Kisha Jumapili moja mume alivaa koti lake la sherehe, bila kumwambia mtu, akaenda hotelini kusikiliza. Hakuwahi kwenda kumsikiliza popote. Siku zote alisema yeye na muziki hawajuani. Alikaa meza ya mwisho kando ya nguzo, akaagiza chai. Noti hakuzijua, lakini alijua mwili wa mkewe, kila kipimo chake, alikuwa ameuchora kwenye katoni. Akaona bega lilivyopanda hadi sikioni. Akaona kitambaa kilichofungwa kifuani, na jasho, na jinsi alivyosimama na uzito wote upande mmoja kama mlango uliolegea bawaba. Chai haikunywewa.

Alimngoja nje kwenye geti. Dada Besi alipomwona, kwanza alifurahi. Kisha akaona uso wake. Mume akachukua gitaa, akalibeba yeye, wakatembea hatua nyingi kabla hajasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nini?"

"Usinifanye mtoto, mama. Tangu lini linakuumiza?"

"Tangu siku ile."

"Siku ipi?"

"Ile ya kwanza. Karakanani."

"Nilikuuliza. Nilisimama mbele yako, nikakuuliza vipi."

"Uliniuliza."

"Ukasema kizuri."

"Kilikuwa kizuri. Kazi yako ilikuwa nzuri."

Mume akasimama katikati ya njia, watu wakawa wanawapita pande zote mbili. "Mimi sikukata ile pembe ili niambiwe kazi nzuri," alisema, na sauti ilimpasuka. "Niliikata kwa sababu ulisema."

"Najua nilichosema."

"Siku tano sikulala."

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia."

Kesho yake Dada Besi alimwambia Mwalimu hatakwenda tena hotelini. Mwalimu alimsihi, kisha akaona mkono, akaacha kusihi. Akatafutwa kijana mwenye besi ya dukani, na meneja hakuona tofauti.

Wiki hiyo hiyo daktari pale hospitali Dada Besi alikofanya kazi alimpima. Alimwambia afumbe macho na akisikia aseme, akamchoma vidole kwa ncha ya kalamu. Hakusema neno. Daktari alieleza kwamba mshipa wa fahamu unapita chini ya mtulinga, na pale ulipoungia vibaya umebanwa kwa uzito muda mrefu. Ungepumzishwa mwanzoni mambo yangekuwa mengine. Sasa maumivu yatapungua, lakini vile vidole viwili asivitegemee tena.

Alitoka na barua ya daktari kwenye mkoba, akiwa ameamua safari hii kusema yote, siku hiyo hiyo, kabla ya kuvua viatu. Alipofika uani akasikia mluzi. Mumewe alikuwa akipiga mluzi karakanani, wimbo usio na kichwa wala miguu kama kawaida yake. Alikuwa hajapiga mluzi tangu siku ile ya getini. Dada Besi alichungulia. Juu ya meza kulikuwa na katoni jipya, na mbao mpya zilizoegemezwa ukutani.

"Umekuja wakati mzuri!" mume alisema. "Simama hapa. Nyooka. Safari hii nakifanya chepesi kuliko cha kwanza. Na pembe hiyo, atakayeiletea mdomo ataniona mimi."

Akasimama, akanyooka. Mkoba alikuwa bado ameubana chini ya kwapa. Mume ndiye aliyeutoa, akautundika kwenye msumari, na kuanza kupima.

Ilichukua miezi mitatu. Macho ya seremala yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo alipima zaidi kwa viganja. Alimwita kila jioni kabla giza halijaingia, akampapasa bega, akasema, "Limeshuka hili, tutalifuata lilipo." Mke alisimama. Kila jioni alijiambia kesho. Binti yao, aliyekwisha kuisoma ile barua, aliacha kupita mlangoni.

Siku kilipokamilika ilikuwa Jumapili mchana. Pembe ilipanda laini kuliko ile ya zamani, mbao hazikupakwa rangi, bonde lilichimbwa likamkaa mwilini kama limekua naye. Mume alimfungia mkanda kiunoni kwa mikono yake mwenyewe. Hakikuwa na uzito hata kidogo. Bega halikusema neno.

"Kinauma? Niambie kweli."

"Hakiumi," alisema, na ilikuwa kweli tupu. "Sijawahi kuvaa kitu kinachonienea hivi."

"Basi piga."

Alijaribu. Kidole cha kwanza na cha pili vilikaa. Vile viwili vingine vilikwenda alikovituma, vikagusa uzi, na havikuwa na nguvu ya kuubana. Uzi ukakoroma. Akarudia pole pole. Ukakoroma tena, palepale. Seremala, mtu aliyesema masikio yake yameharibiwa na msumeno, aliinamisha kichwa akisikiliza. Baada ya mara ya nne akaushika mkono wa kushoto wa mkewe, akautoa kwenye nyuzi, akavibana vidole vile kimoja kimoja, akimtazama usoni.

"Unasikia?"

Akatikisa kichwa.

"Ulijua?"

"Nilijua. Siku ile ulipoanza kunipima, nilikuwa nimetoka kwa daktari."

"Sasa mbona uliniacha nichonge? Miezi mitatu, mke wangu!"

"Ulikuwa unapiga mluzi," alisema.

Mume alikaa juu ya rundo la mbao. Alikaa hivyo mpaka kivuli cha mlango kikafika miguuni pake. "Wewe unanihurumia," alisema hatimaye, "hadi tumemalizika wote wawili." Hakusema kwa hasira. Dada Besi akafungua mkanda, akakilaza chombo juu ya meza, akaja kukaa karibu naye. Walilia pamoja, kila mmoja akiangalia upande wake, kama watu waliogombana.

Hawakukiweka kiozee ndani. Walimpelekea msichana wa kwaya aliyekuwa akijifunza besi, binti mwenye kipaji. Alikivaa, akajaribu, akageuka huku na huku, mwisho akakirudisha kwa adabu. "Nashukuru mama, lakini kinanikataa. Kinataka nisimame vile mwili wangu usivyosimama." Ilikuwa kweli. Katika miaka kumi watu walikuwa wamebishana kama kinafaa kanisani, harusini au hotelini, na hakuna aliyewahi kuuliza kinamfaa nani. Kikarudi nyumbani, kikatundikwa sebuleni juu ya redio. Wageni walipouliza ni nini, mume alitoka nje.

Waliishi pamoja miaka mitatu zaidi. Wala hawakununiana. Mke alimsomea mumewe magazeti macho yake yalipozidi kuwa mabaya, naye alimchemshia maji ya kukanda bega. Lakini neno "vipi" liliwapa tabu. Akiulizwa vipi chai, vipi safari, vipi afya, Dada Besi alifikiri kabla ya kujibu, na mume alingoja kana kwamba jibu linatoka mahakamani. Karakana alimwachia fundi mwingine. Mluzi hakuupiga tena.

Mume alifariki asubuhi moja, amekaa kitini akingoja gazeti. Kwenye ibada ya mazishi Mwalimu alikuja kumwinamia Dada Besi kwenye benchi la mbele. Alisema bendi iko tayari, ila aliona vibaya kumleta yule kijana wa hoteli bila kumuuliza. Kama hataki kusikia besi siku hii, wataimba bila.

"Apige," alisema. "Bila besi wataanguka."

Kijana alipiga. Besi yake ilikuwa nyeusi na ya kawaida, na hakuna aliyeigeukia kuitazama. Alipiga vizuri ubeti wa kwanza na wa pili. Wa tatu akateleza, akaenda juu pale ambapo wimbo unataka kushuka, na waimbaji wakayumba kidogo. Dada Besi alikuwa amefumba macho. Binti yake, aliyemshika mkono wa kushoto, akahisi vile vidole viwili vikijikunja juu ya kiganja chake, vikitafuta noti ya chini, vikibana kwa nguvu zote ambazo vilikuwa nazo. Hazikuwa nyingi. Mama mwenyewe hakujua kama vimesogea.